Kichwa Kikiuma, Fumua

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wanaume wengi watasema haliwahusu, na wanawake wengi watasema hawahitaji kuhutubiwa. Nalo ni nywele za kuongezea: rasta za pakti, wiving za kushonea, mawigi, na jamaa zao wote. Nawaomba akina baba wasizime redio. Fedha inayonunua nywele hizo mara nyingi hutoka mifukoni mwao, na maneno makali yanayosemwa juu ya nywele hizo, mengi hutoka vinywani mwao.

Nimerudi majuzi kutoka Mahege. Kwa msikilizaji asiyepajua, Mahege ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, upande wa delta ya Mto Rufiji. Ukitoka Dar es Salaam unashika barabara ya Kilwa, unapita Mbagala, unapita Mkuranga, unafika Kibiti, na hapo unaiacha barabara kuu. Ni nchi ya minazi, mikorosho na mpunga, na ukiendelea mbele kuelekea baharini unakutana na mikoko. Sisi wa mjini tukisikia habari za wiving fikra zetu huenda Kariakoo, Sinza na Kinondoni. Lakini duka la kwanza nililoingia huko kununua sabuni lilikuwa limetundika pakti za rasta mlangoni, nyeusi, za kahawia na nyekundu ya damu ya mzee, jirani kabisa na ndoana za kuvulia.

Nje ya duka, chini ya mwembe, palikuwa na saluni. Haikuwa na kioo wala kiti cha kuzunguka. Ilikuwa mkeka, kigoda, chanuo, kiwembe, na sufuria ya maji juu ya mafiga kwa ajili ya kuchovya ncha za rasta zisifumuke. Binti wa miaka kama kumi na tisa alikuwa ameketi mkekani, kichwa chake kimebanwa katikati ya magoti ya msusi. Pembeni alikuwapo mama yake, na kwenye benchi mzee mmoja aliyekuwa akisubiri mtu wa pikipiki. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Karibu uone wajukuu zetu wanavyovaa nywele za maiti."

Basi mazungumzo yakaanza yenyewe. Mzee alisema mambo haya si yetu, yameletwa. Mama yake binti akasema, "Mimi sina ugomvi na nywele, baba. Ugomvi wangu ni fedha ya korosho. Imeingia jana, kesho iko kichwani." Binti, bila kuinua uso, akasema, "Babu, kichwa ni changu." Msusi akacheka, akavuta fungu jingine la nywele.

Hoja tatu zilisemwa pale: kwamba nywele hizi si zetu, kwamba zinakula fedha, na kwamba kichwa ni cha mwenyewe. Hoja ya nne hakuna aliyeisema, ingawa ilikuwa wazi usoni mwa yule binti. Kila msusi alipovuta, alikunja uso na kufumba macho. Alipomaliza upande mmoja, ngozi ya kipaji ilikuwa imevutika hata nyusi zimepanda juu. Msusi akamwambia kwa upole, "Leo utalala vibaya, mdogo wangu. Meza Panadol mbili, kesho kutwa utazoea." Nataka nizipitie hoja hizo, na hiyo ya nne niikalie zaidi.

Kwanza habari ya maiti. Mzee wangu wa Mahege hayuko peke yake, uvumi huo umeenea nchi nzima. Lakini zile rasta za pakti si nywele za mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa. Ni nyuzi za kiwandani, jamaa wa karibu wa plastiki. Mashuhuri kati yake ni Kanekalon, inayotengenezwa na kampuni ya Kaneka ya Japani, ambayo ilianza kuiuza mwaka 1957. Nyingine ni za plastiki za aina nyingine zilizo rahisi zaidi. Ndiyo maana ukizichovya katika maji ya moto hulainika na kushikamana, na ukizikaribisha kwenye moto huyeyuka. Nyuzi bora huzimika zenyewe moto ukiondolewa. Zile duni huweza kuendelea kuwaka. Anayepika kwa kuni au kusomea kibatari na rasta zimeninginia hadi kiunoni, afadhali azifunge kwa kitambaa.

Zile za bei kubwa, zinazoitwa nywele za binadamu, aghalabu hutoka kwa watu walio hai. Nchini India kuna hekalu kubwa la Tirumala, ambako mahujaji, wake kwa waume, hunyolewa nywele kama sadaka kwa mungu wao. Hekalu huziuza nywele hizo kwa mnada, na fedha inayopatikana ni nyingi sana. Nyingi hupelekwa viwandani China, na mji wa Xuchang katika jimbo la Henan umepata jina duniani kwa kazi hiyo. Mwanamke aliyezitoa hakulipwa, maana yeye alitoa sadaka. Wewe unayezivaa umelipa, na wote waliokaa katikati wamepata faida. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tuje kwenye hoja kwamba mambo haya si yetu. Hapa nitamwomba radhi mzee wangu. Pamba la kichwa ni la zamani kuliko duka lile na kuliko barabara ya Kilwa. Wamisri wa kale walivaa mawigi, na mengine yamekutwa makaburini mwao. Hapa kwetu, Wazaramo, walio majirani wa watu wa Kibiti kwa upande wa kaskazini, walikuwa na kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, alichopewa mwali akiwa ndani akitunze kama mtoto. Kinyago hicho hakina mikono wala miguu. Lakini kichwani fundi amechonga kishungi kimoja au viwili, na wataalamu wa sanaa husema kuwa hicho ni mtindo wa nywele. Yaani fundi aliona anaweza kumchonga mtu bila miguu, lakini hawezi kumchonga bila nywele.

Bibi zetu nao walisukana barazani. Walisuka mistari, walifunga nywele kwa uzi mweusi mpaka zikasimama kama miiba ya nungunungu, na mpaka leo tunao ule msuko rahisi uitwao twende kilioni, ambao jina lake lenyewe lasema ni wa kuwahi shughuli. Morani wa Kimasai walisuka nywele ndefu na kuzipaka ngeu, na leo ukipita Dar es Salaam au Unguja utawakuta vijana wa Kimasai wamekuwa wasusi hodari wa rasta, wanawake wamewapangia foleni.

Kilicho kigeni, basi, si kujipamba kichwa. Kilicho kigeni ni nyuzi za kiwandani na ile njia ya kushonea. Hiyo ya kushonea ina historia yake. Mwanamke Mmarekani mweusi, Christina Jenkins, mkazi wa Ohio, ndiye aliyeandikishiwa hataza yake mwaka 1952. Nywele za mtu husukwa mistari, kisha nywele nyingine zilizofumwa katika utepe hushonwa juu ya mistari hiyo. Mahakama iliiondolea nguvu hataza hiyo mwaka 1965, lakini ufundi wenyewe ulikuwa umekwisha kusambaa. Leo binti wa Mahege ana ufundi huo vidoleni, na hakuufundishwa na mzungu yeyote.

Wala si mara ya kwanza kwa wakubwa wa nchi hii kuingia katika habari za kichwa cha mwanamke. Mwezi Oktoba mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza operesheni iliyoitwa Operesheni Vijana, ya kupiga vita vimini, suruali za kubana, dawa za kujichubua na mawigi, ianze tarehe 1 Januari 1969. Mwezi huo huo wa Oktoba, kabla hata siku haijafika, vikundi vya vijana wa kiume viliwavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Magazeti yakajaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Waliopinga waliuliza kwa nini utamaduni wa taifa upimwe kwa mwili wa mwanamke, na suti ya mwanamume isiguswe.

Miaka hamsini baadaye, tarehe 13 Juni 2019, aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dakta Philip Mpango, alisoma bajeti bungeni na kupendekeza ushuru wa bidhaa kwa nywele za bandia: asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Mwaka 1968 wigi lilipigwa vita. Mwaka 2019 lilikuwa chanzo cha mapato. Ama kweli wigi limepanda cheo. Sisemi kwamba kodi ni mbaya, barabara na zahanati hujengwa kwa kodi. Nasema tu kwamba katika mara zote hizo mbili, kilichozungumzwa kwa sauti kubwa ni maadili na fedha. Ngozi ya kichwa cha mwenye nywele haikuwa kiini cha hoja.

Habari ya dini nitaigusa kwa ncha ya kidole, maana mimi si shehe wala padri. Watu wa Mahege wengi ni Waislamu, na mzee aliikumbusha baraza kuwa zipo hadithi za Mtume katika Bukhari na Muslim zinazomlaani mwenye kuunganisha nywele na mwenye kuunganishiwa. Hilo ni kweli. Na ni kweli vile vile kwamba wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kitu kisichokuwa nywele, kama uzi na sufi. Kwa Wakristo nao, Mitume Paulo na Petro waliandika barua zinazogusa kusuka nywele na mapambo. Mwenye swali la imani amwendee mwalimu wake wa dini aliye karibu naye, asilitafute redioni wala dukani.

Sasa fedha. Mama wa Mahege alikuwa na haki ya kulalamika. Huko fedha huja kwa msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, korosho kuelekea mwisho wa mwaka, kisha huja miezi mirefu ya kungoja. Hesabu yake ni rahisi, na nakuomba msikilizaji uifanye mwenyewe, maana bei za mtaani kwako unazijua kuliko mimi. Chukua bei ya pakti moja, zidisha kwa idadi ya pakti za kichwa kimoja. Ongeza ujira wa msusi. Zidisha kwa mara unazosuka kwa mwaka. Kisha weka jumla hiyo pembeni ya ada, au ya bati ngapi, au ya magunia mangapi ya mchele. Ukiona bado inafaa, suka. Fedha ni yako na hesabu umeifanya.

Lakini tuwe waadilifu. Sijasikia mzee yeyote chini ya mwembe akimfanyia hesabu kijana wa kiume anayemaliza fedha ya korosho kwa bia na kwa kubahatisha matokeo ya mpira wa Uingereza. Na kuna jambo jingine. Fedha ya kusuka ina sehemu mbili. Ujira wa msusi hubaki Mahege. Yule dada chini ya mwembe ananunulia unga na daftari la mwanawe. Fedha ya pakti huondoka kijijini na kumfuata mwenye kiwanda. Kwa hiyo anayesuka nywele zake mwenyewe, mistari au uzi, fedha yake karibu yote imebaki kwa jirani. Hilo nalo ni la kufikiria, hasa kwenu wasusi: ufundi wenu una thamani hata pasipo pakti.

Ndugu wasikilizaji, sasa nije kwenye ile hoja ya nne.

Wakati tunazungumza, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amesimama nyuma yetu, amejitanda mtandio. Wenzake walipoondoka kidogo akaniambia, "Wewe unazungumza redioni. Waambie na hili." Akausogeza mtandio nyuma. Mapanja yake yote mawili yalikuwa matupu, ngozi laini inang'aa, kuanzia juu ya sikio hadi karibu na utosi. Mbele kabisa, kwenye ukingo wa kipaji, vilibaki vinywele vichache vyembamba kama vya mtoto mchanga. Alisuka rasta na kushonea kwa miaka kumi na tano, akiwa mjini na baada ya kurudi. Nilimwuliza kama alikuwa akisikia maumivu. Akasema, "Nani hasikii? Tuliambiwa msuko usiouma haudumu." Na alipoanza kunyonyoka, alifanya nini? Akashonea zaidi, ili kuficha. Kichwa kilichonyonyolewa na nywele za kushonea kikafunikwa kwa nywele za kushonea. Ni kama mtu anayekopa kwa riba ili alipe riba.

Ugonjwa huo waganga wa ngozi wanaujua vizuri. Unywele umepandwa ndani ya ngozi katika kishimo chake kidogo. Ukivutwa kwa nguvu siku moja, hurudi. Ukivutwa mchana na usiku, wiki hata wiki, kishimo huvimba. Dalili za kwanza ni maumivu, wekundu, na vipele vidogo vyenye usaha kwenye mashina ya nywele. Kisha nywele za ukingoni hukatika na kupungua. Katika hatua hizo, mtu akiacha kuvuta, nywele nyingi huota tena. Asipoacha, kishimo hugeuka kovu, na juu ya kovu hapaoti kitu. Hapo hakuna mafuta ya dukani yatakayosaidia, hata kama chupa yake ina picha nzuri.

Wala ugonjwa huu si laana ya nywele za Mwafrika. Mwaka 1907 mtafiti aitwaye Trebitsch alieleza habari za wanawake wa Greenland, huko kwenye barafu, waliokuwa wakinyonyoka mapanja kwa sababu ya kufunga nywele zao kwa kuzivuta sana juu. Ngozi ni ngozi, na mvuto ni mvuto. Karibu zaidi nasi, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichunguza vichwa vya watu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007. Miongoni mwa wasichana wa shule waliochunguzwa, asilimia 17 walikuwa na dalili za kunyonyoka kwa kuvutwa. Miongoni mwa wanawake watu wazima, karibu asilimia 32. Yaani katika kila wanawake watatu, karibu mmoja. Watafiti hao walionyesha pia kuwa hatari ni kubwa zaidi pale nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zinaposukwa au kuongezewa nyingine, maana dawa imekwisha kuzidhoofisha, kisha unazitwika mzigo.

Nirudie hapo, maana ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kosa halipo katika rasta kwa kuwa ni rasta. Lipo katika kukaza, katika uzito, na katika muda. Rasta nyepesi, isiyokazwa, inayofumuliwa kwa wakati, inaweza kukaa kichwani na kuondoka bila madhara. Mistari ya nywele zako mwenyewe ikikazwa mpaka macho yakavutika, yaweza kukunyonyoa vile vile. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Ni kweli kwa maembe. Kwa msuko unaouma, mvumilivu hupata kipara.

Basi nitataja mambo machache, ayashike anayetaka.

La kwanza ni maumivu. Kusuka si kujifungua wala kutahiriwa, hakuna sababu ya kuuma. Ukisikia inauma ukiwa bado mkekani, sema hapo hapo. Ukifika nyumbani na kichwa kinagonga, usimeze kidonge ukalala, maana kidonge kinanyamazisha mlinzi na mwizi bado yumo ndani. Fumua, hata kama umelipa, hata kama harusi ni kesho. Angalau fumua ile mistari ya mbele na ya pembeni, maana nywele za ukingoni ndizo dhaifu na ndizo huondoka kwanza.

La pili ni ukubwa na uzito. Vile visuko vidogo vidogo sana, vyenye rasta ndefu nzito, humtwika unywele mmoja mzigo wa nywele ishirini. Omba mafungu makubwa kidogo na urefu wa kiasi. Mwambie msusi asianzie kwenye vinywele vya kipajini, aviache vipumue.

La tatu ni muda. Wiki sita hadi nane zinatosha. Najua kwa nini watu hukaa miezi minne: wanataka fedha yao irudi. Lakini nywele mpya zinazoota huacha msuko unaning'inia, mzigo unavuta, uchafu na jasho vinajikusanya. Na hewa ya pwani mnaijua. Osha kichwa kikiwa kimesukwa, ukaushe vizuri, hasa mistari iliyo chini ya nywele za kushonea, maana hubaki na unyevu. Kichwa kikikuwasha sana tangu siku ya kwanza, huenda ngozi imezikataa nyuzi zenyewe; zifumue. Wasusi wengi hushauri rasta zioshwe na kukaushwa kabla ya kusukwa, na ushauri huo hauna gharama.

La nne ni mapumziko. Ukifumua leo, usishonee kesho. Kipe kichwa wiki kadhaa za twende kilioni isiyokazwa, au kitambaa tu. Na kama umeweka dawa karibuni, usiongeze mzigo juu yake. Chagua moja.

La tano ni gundi. Wako wanaogundisha nywele moja kwa moja kwenye ngozi. Zinapobanduliwa, huondoka na nywele zako. Na ukiona vipele vyenye usaha, au mapanja yanapanuka, usimwendee mwenye duka la vipodozi. Nenda zahanati, wakikuona wakuelekeze kwa daktari wa ngozi mapema, kabla kovu halijashika.

Nina neno kwa akina mama wenye watoto. Ikikaribia Idd au Krismasi, watoto wa miaka minne, mitano, hukalishwa mkekani kwa saa tatu au nne, wanalia, wanaambiwa wanyamaze wapendeze. Yule binti wa Mahege alisema kichwa ni chake, naye ni mtu mzima. Lakini mtoto wa miaka minne hawezi kusema hivyo, na akilia ndiyo kauli yake pekee. Msikilizeni. Mtoto hupendeza kwa nywele fupi safi na gauni lililopigwa pasi.

Nanyi wasusi, wa chini ya mwembe na wa saluni zenye viyoyozi, ninyi ndio mnaokiona kichwa cha mteja kabla yake. Mwenyewe haoni utosi wake wala nyuma ya sikio. Mnapoona panja limeanza kupungua, mwambieni. Fundi mashua anayeona ubao umeoza akaupaka rangi tu, si fundi. Najua mnaogopa kumpoteza mteja. Lakini mteja mwenye nywele atarudi miaka thelathini. Aliyenyonyoka, mtamshonea nywele juu ya kitu gani?

Na kwenu akina baba na wazee wangu. Kumwambia binti kwamba anavaa nywele za maiti hakujamzuia hata mmoja. Kumemfundisha tu asikuulize. Ukimwambia, "Mwanangu, mbona kipaji kimevutika, hakikuumi?" huenda akakusikiliza, maana sasa unazungumza juu ya kichwa chake, hukuzungumza juu ya heshima yako. Na kwa mume anayemwambia mkewe kwamba bila wiving hapendezi, huku akilalamika juu ya bei, huyo sina la kumwambia isipokuwa achague moja.

Ndugu wasikilizaji, sitaki kumwambia mwanamke yeyote asuke au asisuke. Walioagiza hivyo kabla yangu walikuwa na nguvu kuliko mimi, walikuwa na operesheni na walikuwa na bajeti, na rasta zimefika Mahege zikatundikwa pamoja na ndoana. Yule binti alisema neno la haki: kichwa ni chake. Naongeza tu kwamba na kipara pia kitakuwa chake, hakuna atakayemsaidia kukivaa. Kwa hiyo achague akiwa anajua, alipe akiwa amepiga hesabu, na kichwa kikiuma, afumue.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.